Nukta Mbili

Nakuja uwanjani, lakini si kwa kuangalia mpira.
Watu wa Ibra wamenizoea: yule wa safu ya juu,
goti bovu, ubao mapajani,
anayepiga alama wenzake wakipiga makofi.
Goli likifungwa huku, macho yangu yako kule,
kwa refa: kasimama wapi, kakimbia kwa pembe gani,
mkono umefika mfukoni kabla ya akili au baada yake.

Faulo kumi na tisa. Njano tatu.
Kuotea kumoja kulikompita mshika kibendera
alipokuwa akijifuta jasho. Nyuzi thelathini na nane,
jua limeshazama, na mchanga bado unaingia kwenye chai.

Wengi hudhani upendeleo una sura:
bahasha, simu ya usiku, gari jipya.
Miaka kumi na minne, bahasha sijaiona.
Nilichokiona ni kidogo zaidi na kibaya zaidi:
refa anayeongeza dakika sita wenyeji wakiwa nyuma,
tatu wakiwa mbele,
na ukimuuliza ataapa, na kiapo chake ni cha kweli.
Kelele za jukwaa zimemwingia sikioni
kama maji ya kuogea. Hajui kama yamo.
Anatembea tu, kichwa upande.

Hayo nimeyaandika kwa waamuzi ishirini na wawili.

Idi iliyopita binti yangu Zuwena,
apigaye hesabu za bima kule Maskati,
aliyachukua madaftari yangu ya misimu sita
akayatia kwenye kompyuta.
"Nikutolee picha, baba, uione kazi yako."
Ikatoka milia ya rangi. Akanyamaza.
Akanisogezea sahani ya halwa.
Zuwena akikupa halwa hujaomba, jua pana jambo.

"Huyu Mundhir ni nani?"

Mundhir bin Khalfan, wa Samail.
Mama yake kazaliwa Wete, kama mama yangu.
Mechi ikiisha huja chumbani, huvua viatu,
na katikati ya Kiarabu cha watu wote
hunitupia: "Shikamoo."
Basi. Hajawahi kuniomba kitu.

Watathmini wenzangu: nane nukta mbili.
Mimi: nane nukta nne.
Wao nane. Mimi nane nukta mbili.
Mechi baada ya mechi, kama meza
yenye mguu mmoja uliozidi unene wa kucha.

Nikajitetea. Nikasema kijana anakimbia vizuri.
"Na wenzako wakimtazama, hakimbii?"

Mwaka jana nafasi ya ligi kuu ilikuwa moja.
Alipanda Mundhir.
Aliyebaki ni Yarub wa Ibri, muuza matairi,
mtu asiyesalimu zaidi ya salamu.
Alibaki kwa nukta moja.

Nilimpigia mwenyekiti wa kamati. Akacheka.
"Nukta mbili? Mizani ya samaki sokoni inaiba zaidi."
Akanipangia mechi ya leo.

Na leo, dakika ya themanini na saba,
mtu kaanguka ndani ya kumi na nane,
Mundhir kapuliza, kanyoosha mkono kwenye nukta nyeupe.
Uwanja mzima ukanyanyuka.
Kama ilikuwa penalti, sijui.
Nilikuwa naitazama kalamu yangu.

Sasa nimekaa chumba cha marefa, feni inalia.
Naandika nane nukta nne. Nafuta.
Naandika saba nukta tisa, na mkono unaona raha,
na ile raha inanitisha:
nani analipa hapa, mimi au yeye?
Karatasi imeanza kutoboka mahali pale pa kufutia.

Viatu vyenye njumu vinakuja kwenye saruji.
Navijua.
Mlango. Neno lile.
"Marahaba," nasema,
na ubao nimeulaza kifudifudi.